Kinywa cha Mwonjaji

Kinywa kisafi kuliko vyote chini ya Mlima Hanang ni hiki changu. Siyo majivuno, ni kazi. Kuna watu wanaajiriwa kwa sababu ya miguu yao, wengine kwa sababu ya vyeti vyao. Mimi, Melkiori Dahaye, kidato cha nne, kemia F, niliajiriwa kwa sababu ya mdomo. Mwalimu wetu wa nidhamu alizoea kuniambia, "Melki, mdomo huo utakuponza." Siku niliposaini mkataba nilimtumia picha. Ya mdomo, siyo ya mkataba.

Sasa nisikilizeni kabla hamjadhani niligombea udiwani.

Kambi yetu ya riadha iko mteremkoni, juu ya mashamba ya ngano, mahali penye upepo ambao ukianika soksi asubuhi, mchana unaenda kuiomba kwa jirani. Bingwa wetu ni dada Restituta Lohay, Resti kwa kifupi, mwanamke wa marathoni ambaye akikupita humsikii akihema. Unagundua tu kwamba umebaki peke yako. Mazoezini mimi ni sungura wake: natangulia mbele, navuta kasi, pumzi ikikata najitoa pembeni, naye anaendelea kama vile sikuwahi kuzaliwa. Mbio zikiisha nabadilisha kazi. Nakuwa mwonjaji wake.

Huku kwetu anayekupa kinywaji anakunywa kwanza yeye, mbele yako, ili ujue hakuna sumu. Akishakunywa anakupa kibuyu, na wewe hufuti mdomo wa kibuyu. Kufuta ni kumwambia mwenzako mbele za watu kwamba unamwona mchawi. Nazijua koo mbili ambazo hazizikani mpaka leo kwa sababu ya mtu mmoja aliyefuta kwa kiganja, na alikuwa anaondoa nzi tu.

Kwa Resti jambo hili lina uzito zaidi. Miaka ya nyuma, katika mbio za ugenini, mtu asiyemjua alimpa chupa ya maji njiani, akatapika mpaka akabebwa. Tangu hapo haingii kitu tumboni mwake ambacho hakijapita kinywani mwa mtu anayemwamini. Aliwaangalia watu wote kambini, akanichagua mimi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe huwezi kunyamaza, Melki. Mtu mwenye siri hunyamaza."

Siku ile tulirudi kutoka mbio ndefu ukungu ukijikunja kutoka kwenye ngano. Vile vindege vya kunyunyizia dawa mashambani vilikuwa vinarudi bandani kwa mstari, kama kuku waliosikia mvua. Kocha Massay alipiga filimbi halafu akapiga kelele juu ya filimbi, maana yeye hata akikupa pole anapiga kelele. Nilimbatiza King'ora. Kambi nzima nimeibatiza mimi. Mpishi ni Jivu la Moto, mlinzi ni Nani Huyo, na Gwandu, mkimbiaji wa mita elfu kumi ninayelala naye chumba kimoja, ni Godoro, kwa sababu Mungu alimuumba akiwa amelala na hajapata muda wa kumwamsha.

Ratiba yetu ni hiyo: mbio, uji, halafu kila mtu kitandani mpaka mchana. Uji ni wa ulezi na maziwa ya mgando, ndani ya kibuyu alichoachiwa Resti na marehemu mama yake.

"Dada Resti, karibu," nikasema. "Leo umenivuta roho kule mlimani. Nimeiona inatangulia, nikaiambia ningoje."

"Melki," Gwandu akasema, huku anavua kiatu kwa usingizi, "mbona kila ukikaribia kulala unaongea kama una pipi mdomoni?"

"Ni utamu wa maneno, Godoro. Wewe wako umekuwa unga."

Watu wakacheka. Nikapiga funda, nikajilamba, nikampa Resti. Akanywa bila kufuta, kama kawaida, akaketi juu ya jiwe kufungua kamba za viatu. Wengine tukaanza kusogea kuelekea vyumbani.

"Dada," Gwandu akaita nyuma yangu. Sauti yake haikuwa ya usingizi. "Mtulinga wako."

Resti akainamisha kidevu. Chini ya ngozi, pale mfupa wa bega unapoanzia, kinusi chake kilikuwa kimegeuka rangi ya chungwa.

"Kimeharibika hicho," nikasema. "Kitakuwa kimepata mafua."

Hakuna aliyecheka. Mara nyingi wananichekea hata nisipochekesha.

*

Nieleze kinusi, halafu tuendelee. Zamani, wanasema, mwanariadha alikuwa anakojoa kwenye chupa huku mtu mwenye kitambulisho shingoni anamtazama. Nikifikiria hivyo nawaonea huruma wote wawili. Siku hizi kila mwenye leseni anapandikizwa punje ndogo kuliko ya mtama, inanusa damu yake akiwa macho na akiwa amelala. Ukiwa msafi kinawaka kijani hafifu, kama kimulimuli aliyepotea njia. Kikinusa dawa ambayo huna kibali nayo kinakuwa chungwa, na hakirudi kijani mpaka hakimu wa michezo aamuru. Ni kikali mno. Tone moja ndani ya lambo la ng'ombe, kitalipata. Ila ukikiuliza lile tone limefikaje lamboni, hakijui. Kinajua kunusa tu.

Ofisini, kocha alikigusa kwa kisomeo. Resti aliketi wima, mikono juu ya magoti. Mimi niliingia kwa sababu hakuna aliyeniambia nisiingie.

Kocha alisoma kimoyomoyo, halafu akasoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti ilikuwa ya chini.

"Dawa ya cheti. Ya kuzuia mkojo."

"Mkojo?" Resti akauliza.

"Inaufanya mwili ushike maji. Damu inakuwa nyepesi, na kama kuna dawa nyingine humo, inazama isionekane. Kwa hiyo imekatazwa. Siyo kwamba inakimbiza mtu. Inaficha ile inayokimbiza."

"Mimi sina dawa yoyote, kocha."

"Najua. Hata kisomeo kinajua. Chapa siyo yako."

Hii nayo nieleze. Dawa za cheti siku hizi hazitoki kopo moja. Mtambo wa duka la dawa unamchanganyia kila mgonjwa dawa yake, na ndani yake unatia chapa isiyoonekana, ya mwili wake peke yake. Waliianzisha kwa sababu watu walikuwa wanauziana vidonge kama karanga. Lakini sheria hiyo hiyo ikafunga mlango: dawa ya mtu ni siri ya mtu. Kisomeo kinaweza kusema chapa hii siyo ya Restituta. Hakiwezi kusema ni ya nani. Mwenye chapa pekee ndiye anayeweza kuifungua, kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya hakimu. Asipotaka, hakuna wa kumlazimisha.

"Na asipojitokeza?" Resti akauliza.

"Wanahesabu uliazima dawa ya mtu kwa kujua." Kocha alikiweka kisomeo mezani taratibu, kama yai. "Miaka minne nje."

Resti ana thelathini na tano. Marathoni siyo mboga za majani, ukichuma zinachipua. Miaka minne kwake ni yote.

Nilitaka kutania. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini ulimi wangu ulikuwa umekwenda wenyewe, bila kunitaka ushauri, mpaka chini, upande wa kushoto, pale ambapo asubuhi ile utando wangu wa dawa ulikuwa unayeyuka wakati napiga funda la uji.

*

Nilikojoa kitandani nikiwa mtoto, kama watoto wote. Wote wakaacha. Mimi nikaendelea. Nikaenda sekondari ya bweni, nikaendelea. Nilijifunza kuamka kabla ya kengele, kugeuza godoro, na zaidi ya yote kuchekesha, kwa sababu mtu anayewachekesha watu hawamchunguzi kitanda. Nikipewa nafasi ya kumpa mtu jina la utani nilimpa haraka, kabla hajapata muda wa kunitafutia la kwangu.

Daktari mmoja wa Katesh ndiye aliyenianzishia dawa. "Siyo ugonjwa wa aibu, kijana," akasema.

"Daktari," nikamwambia, "wewe hukulala bwenini."

Akanisajilia kibali, kinusi changu kikaambiwa kinyamaze, na kikanyamaza. Kwanza nilikuwa na kidonge. Nilikimeza nikiwa tayari ndani ya blanketi, nacho kilikuwa na adabu. Majuzi mtambo ukabadilishiwa maelekezo, nikapewa utando, kitu chembamba kama ngozi ya kitunguu, unauweka chini ya ulimi kabla ya kulala uyeyuke polepole. Nikaona bora niuweke njiani narudi kutoka mbio, kwani chumbani kuna Gwandu, na Gwandu amelala kiasi gani hakuna ajuaye.

Kwa hiyo siyo kwamba sikujua nina dawa mdomoni. Sikufikiri. Dawa ilikuwa kitu changu na kibuyu kilikuwa kitu chetu. Sikuwahi kuviweka kwenye wazo moja.

Ningeweza kumwambia kocha pale pale. Sentensi moja. Lakini nilijua jina ambalo wangeniita, kwa sababu mimi ndiye ningelichagua kama angekuwa mtu mwingine. Kikojozi. Na lisingebaki kambini. Lingeshuka Katesh, lingevuka Basotu na mashamba ya vitunguu, lingefika kijijini kwetu kabla yangu, likanisubiri mlangoni na kunipokea mzigo.

Tulipotoka ofisini watu wote walikuwa nje wanasubiri. Kocha akawaambia: dawa ya kuzuia mkojo, chapa ya mtu, mtu asiyejulikana. Kimya kikaanguka. Mimi kimya hunikaa vibaya, kama kiatu cha kuazima.

"Mimi namshuku Godoro," nikasema. "Mtu anayelala vile haamki hata kwenda haja, lazima anameza kitu."

Wakacheka sana. Walihitaji kucheka. Gwandu naye alicheka kidogo, halafu akanitazama, halafu akaacha.

Wakati wa chakula cha mchana, kikombe chake kilikuwa kimekaa peke yake mwisho wa meza. Siku nyingine tunapokezana vikombe. Kila mtu alikuwa tu ametafuta kikombe kingine.

*

Resti hakuruhusiwa kukimbia na sisi mpaka shauri lisikilizwe. Akawa anatembea. Mchana mmoja nilimfuata kwenye njia ya kati ya ngano. Alikuwa amejifunga skafu shingoni, jua likiwaka, na bado niliona rangi ya chungwa ikipenya kitambaa.

"Dada, pole na matembezi. Unatembea kwa kasi ninayokimbilia."

"Melki. Umekuja kunionjea upepo?"

"Nimeshauonja. Hauna sumu, una vumbi tu."

Akacheka. Tukaenda bega kwa bega. Masuke ya ngano yalikuwa yamekomaa, yanagongana kwa sauti kavu. Nilikuwa nimeiandaa sentensi tangu asubuhi, nimeifanyia mazoezi bafuni, bomba likiwa wazi ili nisisikike.

"Hakimu akija," nikasema, "unadhani huyo mwenye chapa atajitokeza?"

"Sijui."

"Lakini si lazima ajitokeze? Ni haki yako!"

Alivuta skafu ikafunika ile rangi. "Kama ana dawa, ana ugonjwa. Na kama haujulikani, ana sababu ya kuuficha. Kocha anataka nidai kambi yote ifunguliwe siri zake, wote, mmoja mmoja. Wakili wa chama cha riadha naye anasema hivyo hivyo. Nimekataa."

"Umekataa?"

"Sitamvua mtu nguo ili nivae mimi."

Nikameza mate. Yalikuwa masafi kabisa wakati ule, kama kuna anayetaka kujua.

"Hata kama ni mjinga tu?" nikauliza. "Hata kama, tuseme, ni mtu ambaye ugonjwa wake ni wa kuchekesha?"

"Ugonjwa wa kuchekesha ndio mbaya zaidi. Wa kuhuzunisha utaletewa uji." Akasimama, akanitazama usoni, na nikafikiri, sasa. Sasa anajua, sasa nitasema. Lakini alikuwa ananiondolea punje ya ngano kwenye nyusi. "Ninachojiuliza ni kimoja. Iliingiaje? Mimi sinywi kitu ambacho hujaonja wewe. Hilo tu ndilo linaninyima usingizi. Wewe uko salama, Melki? Hujisikii vibaya? Kama kuna mtu anatia kitu humo, kinakupitia wewe kwanza."

Alikuwa ananiogopea mimi.

Nikasema mimi ni mzima kama punda. Nikasema na utani mwingine hapo, sikumbuki upi, akacheka, tukageuka tukarudi. Ile sentensi niliirudisha nayo mpaka chumbani. Gwandu alikuwa kitandani, uso ukutani. Nilimsalimu. Alijibu haraka mno kwa mtu aliyelala.

*

Hakimu wa michezo alitoka Arusha, Bi Namkunda Mshana, mama mwembamba mwenye sweta mbili na sauti ndogo inayokulazimisha uache kutafuna. Shauri lilikaa bwaloni baada ya mbio za asubuhi, meza zikasukumwa ukutani, sisi wote kwenye viti vya plastiki.

Na hapa lazima niseme kuhusu kile kiti. Hofu huniteremkia kibofuni. Ndivyo nilivyo. Nilipoona kile kiti cheupe, mstari wa mbele, mbele ya hakimu, nilipata picha moja kichwani ambayo sikuweza kuifukuza. Kwa hiyo nyuma ya stoo, kabla ya kuingia, nikauweka utando chini ya ulimi. Nilipiga hesabu kwamba kabla sijaitwa utakuwa umekwisha.

Niliitwa wa kwanza.

Kabla ya hapo hakimu alieleza sheria, bila kupandisha sauti. "Sina uwezo wa kumuuliza mtu yeyote kama anatumia dawa. Sitauliza. Naomba tu, kama mwenye chapa yumo humu, aseme. Akinyamaza ni haki yake. Na mama huyu ataondoka kwenye riadha. Hayo mawili ni kweli kwa pamoja, na mimi siwezi kuyatenganisha."

Alisubiri. Bati la bwalo lilikuwa linalia kwa upepo. Resti alikuwa amevua skafu. Aliketi na ile rangi yake wazi, mikono magotini.

"Nitaomba tena mwishoni," hakimu akasema. "Haya. Mwonjaji."

Nikasimama. "Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba. Nieleze hii desturi yenu. Mimi ni Mpare, kwetu tunaonja pia, lakini nataka nisikie ya kwenu."

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, jamani; nilikuwa katika ubora wangu. Nikamweleza nzi na koo mbili, wakacheka. Kwenye kucheka kwao nilianza kupata joto, na joto likaniletea wazo: nikieleza uzuri, hakimu ataelewa mwenyewe kwamba ni desturi, ni bahati mbaya, kinywa cha fulani, basi, na hakuna haja ya jina.

"Kwa hiyo hafuti," hakimu akasema.

"Hafuti, mheshimiwa."

"Basi kilicho kinywani mwako kinaingia kinywani mwake."

Bwalo likanyamaza. Hapo ndipo mtu mwenye akili anakaa. Sheria ilikuwa imenikinga. Hakuna aliyeniuliza, hakuna aliyeruhusiwa kuniuliza. Lakini wote walikuwa wananitazama, na kimya, nimeshasema, hunikaa vibaya.

"Kinywani mwangu hamna kitu zaidi ya utani," nikasema. "Mheshimiwa, dawa na mimi hatujuani. Tangu nizaliwe sijawahi hata kumeza kidonge cha kichwa. Kichwa chenyewe hakina kitu cha kuuma."

Wakacheka tena. Resti alitabasamu. Kocha akatikisa kichwa kwa fahari, kama baba.

Hakimu hakucheka. Alikuwa anasikiliza kitu fulani katika sauti yangu, au nilidhani hivyo. "Nionyeshe," akasema. "Nataka nione kwa macho. Kibuyu kipo?"

Kibuyu kikaletwa na uji wake wa asubuhi. Nikakishika. Nikapiga funda, nikajilamba, kwa madaha, kama mtu kwenye tangazo.

"Sasa mpe mwenzako yeyote."

Aliyekuwa karibu ni Gwandu. Nikamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili. Nilifurahi kidogo hata. Nilifikiri, wamuone anakunywa na sisi, kikombe chake kirudi mezani.

Gwandu akakipokea. Akakitazama. Halafu, polepole kama afanyavyo kila kitu, akaweka kiganja juu ya mdomo wa kibuyu, akafuta.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Yesu wangu." Kiti kikaburuzwa. Kocha akasimama nusu.

"Gwandu!" nikasema. "Unanitukana mbele ya mgeni?"

"Nina mbio mwezi ujao," Gwandu akasema. Akakifuta tena, mara hii kwa ncha ya fulana yake, akakirudisha mezani bila kunywa. "Mheshimiwa, nalala naye chumba kimoja. Kila tukikaribia kulala anaongea hivi anavyoongea sasa. Kama ana pipi. Nimemsikia siku zote, mimi silali kama anavyosema." Akageuka kwangu. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Leo hatuendi kulala, Melki. Nyanyua ulimi."

Nilitafuta utani. Nilitafuta kila mahali ambapo huwa nauweka.

"Ni pipi kweli," nikasema, na mwenyewe nikaisikia ile sauti.

"Nyanyua."

Watu walikuwa wanasimama mmoja mmoja ili waone. Kuna aliyekwishapanda kwenye kiti.

"Mheshimiwa," Resti akasema. "Watu watoke kwanza."

Hakimu akamgeukia. "Mama, hili ni shauri lako. Hao ni mashahidi wako. Alicho nacho chini ya ulimi hakinisaidii chochote asiposema mwenyewe. Ukiwatoa na akakana, utabaki na neno lako tu."

"Najua. Watoke."

"Dada Resti!" kocha akapiga kelele, ile ya kweli.

"Kocha, na wewe toka."

Wakatoka. Haikuwa haraka, walitoka kama maji yanayotoka kwenye sinki lililoziba. Gwandu alikuwa wa mwisho. Aliokota kiti kilichoanguka, akakisimamisha, akafunga mlango nyuma yake.

Resti akasimama, akaenda dirishani, akanipa mgongo. Nje ngano ilikuwa inakwenda huku na huku. Kwenye kioo niliona ile rangi ya chungwa, taa ndogo inayoning'inia juu ya mashamba.

"Haya, kijana," hakimu akasema.

Nikafungua kinywa changu, kile kisafi. Nikanyanyua ulimi. Utando ulikuwa haujakwisha. Niliusikia baridi ilipouingia. Mtu aliyenyanyua ulimi hawezi kutania, jaribuni mtaona. Hata maneno mawili, chapa yangu, yanatoka kama ya mtoto anayeanza kusema. Niliyasema hivyo hivyo, mdomo wazi, mate yakinitoka.

Hakimu akainama mbele na sweta zake mbili. "Sijasikia vizuri."

"Mimi nimesikia," akasema Resti, bila kugeuka.